Jini Aliyebisha Hodi

Nyumba ile haikuwa na mtoto, lakini ilinuka kichanga: maziwa yaliyochacha, poda, na ile harufu ya utosi. Mama mkwe aliisikia mchana kweupe, akikata vitambaa vya sare za shule. Akafungua madirisha. Harufu ikazidi, kama vile nje ndiko ilikokuwa ikisubiri.

Mkamwana wake alikuwa kwenye cherehani, anakanyaga. Alizaa mara moja, kwa kupasuliwa, na mtoto hakukaa. Tangu hapo hakushika mimba. Miaka yote hiyo ananyweshwa mizizi michungu, majirani wanamwita Mti Mkavu, na anayemshikia kikombe ni mama mkwe. "Kunywa, mwanangu. Maliza na machicha." Uso mkavu, haya hana.

Asubuhi ile redio ilitangaza sheria mpya: mwanamke asifungwe kizazi mpaka akubali mwenyewe, kwa kinywa chake, akili zake timamu, mume, mkwe wala daktari asimjibie. Mama mkwe akaizima.

"Mbona unazima, mama?" akauliza mwanawe, fundi wa friji.

"Betri zinaisha."

Redio ilikuwa ya umeme.

Jioni akakagua sare. Katikati ya mashati ya shule akakuta vishati vya kichanga, mshono safi kabisa, ila havina tundu la kichwa.

"Nani kashona hivi?"

"Sisi," mkamwana akasema, hakuinua macho.

"Sisi na nani?"

Cherehani ikaendelea kulia, na mama mkwe alipoinama kuangalia chini ya meza akaona miguu ya mkamwana imekunjwa juu ya kiti, haigusi chochote, na pedeli inapanda na kushuka yenyewe, taratibu, kama inayokanyagwa na mtu asiye na haraka, mtu aliyekwishajua kwamba hapa ni kwake.

Kesho yake mganga akaitwa. Alifukiza ubani, lakini moshi ukanuka maziwa. Mkamwana akainua kichwa, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mwanaume mzima.

"Shikamoo, mganga."

"Marahaba," mganga akajibu kwa mazoea, kisha akarudi nyuma hatua moja. "Umeingiaje humu?"

"Nilibisha hodi. Nikamuuliza, niingie? Akasema ingia. Muulize huyo mama kama yeye aliuliza."

Fundi akamgeukia mama yake. "Anasema nini huyu?"

Mama mkwe akajishika kifua. "Siku mkeo anapasuliwa, daktari alitoka na glavu zake, ana haraka," akanong'ona. "Akasema akibeba tena atakufa, tumfunge kabisa? Na yeye kalala, hajitambui. Nikasema funga. Nilimwokoa, jamani!"

Sasa ikatoka sauti ya mkamwana mwenyewe, ndogo, imekauka. "Na mizizi, mama? Ulikuwa unaniokoa na nini?"

Angejibiwa nini? Kwamba ilikuwa rahisi kumwacha anywe kuliko kumwambia?

Mganga alitaka kumaliza aende zake. "Jini hatoki mpaka mwenye mwili atake. Mwenye mwili, unataka atoke?"

"Anataka!" mama mkwe akadakia. "Mtoe!"

Ndani ya mkamwana kitu kikacheka, kicheko kirefu kilichotikisa mikasi mezani na kushuka mpaka kwenye sakafu chini ya nyayo zao, na kilipokwisha mkamwana alikuwa anamtazama mama mkwe kama mtu anavyotazama chumba anachokihama.

"Akae," akasema.

Mganga akakusanya vitu vyake, hata malipo hakudai.

Giza lilipoingia, mkamwana alifunga mlango wa chumbani kwa ndani. Fundi na mama yake walibaki barazani. Kupitia mlango wakaisikia ile sauti nzito ikiuliza kwa upole:

"Nizime taa?"

Sauti ya mkamwana ikatoka polepole, kama ya mtu asiyezoea kuulizwa kitu.

"Bado," akasema.