Shibiri Iliyopungua kwenye Kamba ya Injini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyezipima mbingu na ardhi bila kukosea hata unywele, akampa mwanadamu mikono ya kutenda. Na rehema zimfikie Mtume wake na wote waipendao haki.

Atajwe kwanza Fundi Idrisa, mwenye gereji pale Masumbwe, mtu wa sala na wa maneno machache. Wa pili ni Luka, baba wa Loveness, hodari wa kuchomelea vyuma na hodari zaidi wa utani. Wa tatu ni Mabula, mwenye lori la kubebea mawe ya dhahabu huko Rwamgasa, ambaye sauti yake hufika kabla yake. Wa nne ni Mwanaima, binti wa fundi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye kila atokapo shuleni hupitia gereji kuosha spana kwa dizeli.

Injini ya lori la Mabula ilikuwa imekufa. Badala ya kutafuta nyingine ndogo kama ile, Mabula alichagua injini kuukuu na kubwa ya lori la magogo, iliyokuwa imelala uani kwa Khatija, shangazi yake Mwanaima, huko Nyarugusu.

"Nataka lori lipande mlima huku linaimba," alisema.

Mwanaima alipokwenda kumsalimia shangazi yake, baba alimpa kazi: aipime injini kwa kamba ya katani, toka kwenye feni hadi mwisho wa giaboksi, aikate kamba papo hapo na kumletea. Fundi Idrisa hakuamini namba zinazobebwa kichwani, aliamini kamba. Kwa kamba hiyo Luka alichomelea ndani ya lori vyuma vya kukalishia injini, kabla injini yenyewe haijafika.

Injini iliwasili Jumatano. Mwanaima alitoka shuleni akaikuta inaning'inia kwa mnyororo juu ya lori.

"Shusha polepole," Fundi Idrisa akaamuru.

Injini ilishuka, ikagoma. Mkiani imepitiliza vyuma vyake, na mbele feni imejikita kwenye rejeta kama ndama aliyekwama kichwa ndani ya sufuria.

"Baba Mwanaima," akasema Mabula, "lori langu limepaliwa."

"Labda injini imenenepa njiani," akasema Luka. "Nyarugusu wana ugali mzuri."

Alicheka peke yake.

"Luka, ulipima kwa kamba au kwa macho?" akauliza Fundi Idrisa. Siku za amani alimwita Baba Loveness.

"Kwa kamba, Fundi. Naapa."

"Usiape. Geti la Mama Edson ulilipima kwa macho, na mpaka leo mbuzi wanapita."

"Wale mbuzi ni wembamba, Fundi."

Mabula akatikisa kichwa. "Mimi sitaki mchezo. Huyu akiligusa tena lori langu, nalipeleka gereji nyingine."

Fundi Idrisa akafuta mikono kwa kitambaa. "Vua ovaroli, Luka. Usije kazini mpaka nikuite."

Luka akavua miwani yake ya kuchomelea. Alianza kufungua vifungo vya ovaroli, kimoja kimoja. Mwanaima alimtazama, akaiweka spana chini.

"Baba, Baba Loveness hakukosea. Kamba niliikata mimi."

"Ndivyo nilivyokutuma."

"Niliikata mara mbili."

Mwanaima akaeleza kwamba shangazi alimpa jogoo wa kuja naye nyumbani, jogoo akawa hatulii, naye akakata shibiri moja ya kamba ili kumfunga miguu. "Nilidhani kwenye injini kubwa vile, shibiri haitaonekana. Kisha niliogopa kusema."

"Jogoo gani?" akauliza Mabula.

"Yule tuliyemla Ijumaa, mjomba."

Luka akainua kichwa. "Basi na mimi ni mshitakiwa. Paja nililila mimi."

Mabula alicheka hadi akaegemea gurudumu. "Lori zima limeshindwa na kuku."

Fundi Idrisa hakucheka. Alimwita binti yake, akamwambia aweke shibiri yake kati ya tundu la injini na tundu la chuma. Kidole gumba kikagusa huku, kidole kidogo kikagusa kule. Ndipo akamgeukia Luka.

"Baba Loveness, funga ovaroli. Nimekuhukumu kabla ya kuuliza vizuri. Nisamehe."

"Nimesamehe, Fundi. Ila jogoo ajaye, mapaja yote mawili."

Vyuma vilikatwa na kuchomelewa upya, na Mwanaima alikwangua kutu hadi viganja vikawaka moto. Alasiri ya siku ya pili injini iliketi mahali pake, ikanguruma, na kuku wa jirani wakatawanyika. Mabula alikuwa wa kwanza kumpa Luka mkono.

Fundi Idrisa akamketisha binti yake kando. "Mwanangu, Mola ametuamuru tutimize vipimo. Kamba ile ilikuwa amana. Uliipunguza kwa shibiri moja, na Luka nusura apungukiwe na chakula cha watoto. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijambebesha mtu mwingine mzigo."

"Nimesikia, Baba."

Lori likapanda barabara ya Rwamgasa, Mabula akipunga mkono dirishani. Fundi Idrisa akainua viganja vyake: "Ewe Mola, mfikishe salama aendaye, na sisi tuliobaki hapa utupe riziki ya halali, ndimi za kweli na nyoyo za kusameheana. Amina."