Njia Ambayo Kalamu Hakuikanyaga

Gari lilikuwa limeshazimwa na ufunguo uko mfukoni, ndipo sauti ya mwanamke wa kwenye ramani ya gari iliposema, "Umefika."

Kalamu akacheka. Alikuwa ameegesha uani kwake, na siku hiyo hakuwa ameiambia ramani impeleke popote. Tena yeye ndiye wa kujua ramani za magari zinavyopikwa, maana kuchora njia ndiyo kazi iliyompa hilo jina. Akamtania mkewe kwamba mtambo umeanza kuzeeka kama baba mkwe. Mkewe hakucheka. Alikuwa ananusa hewa ya mle garini, akauliza nani amemwaga maji ya bwawa.

Tangu hapo kila safari ikawa na kituko chake. Waombe sokoni, ramani inawapeleka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi, nje ya mji, ambayo sasa yamejaa maji. Waombe shuleni kwa mtoto, machimbo yaleyale. Kalamu aliyajua hayo machimbo ingawa hajawahi kuyatia machoni, na hapo ndipo penye shida yote.

Ofisini kwao kuna sharti moja: njia haichorwi mpaka mtu aikanyage. Unaendesha, gari likikwama unashuka, unatembea hadi mwisho. Lakini mchana alipochora njia ya machimboni mvua ilikuwa inanyesha, na Kalamu alikuwa na uvivu wake. Akaona barabara moja inaishia upande huu wa machimbo, nyingine inaanzia ng'ambo. Zitakuwa zinakutana tu, akajisemea. Akavuta mstari yuko kitini, chai mkononi, akaenda zake nyumbani. Basi madereva wageni wakawa wanapotelea huko, wanapiga honi, wanageuza magari kwenye majani ya ukingoni huku wakiitukana ramani. Malalamiko yalipofika ofisini, Kalamu akajifanya hamnazo.

Sasa woga ukamwingia, akaufuta ule mstari. Asubuhi akaukuta umerudi. Akaufuta tena, ukarudi tena, na safari hii umerefuka: umetoka machimboni, umekatiza mashamba, unaelekea mjini. Aliwaita wenzake waangalie, nao hawakuona kitu, wakamwambia apumzike. Kila akifuta unasogea, hadi mchana mmoja akauona umeingia mtaani kwao, umepita getini kwake, umekatiza sebule na kuishia chumbani kwa bintiye, yule waliyemwita Bibi Mdogo kwa sababu ya amri zake.

Alitoka ofisini mbio bila kuaga mtu. Alipofika, mtoto alikuwa kwenye usingizi wa mchana na nyumba nzima iko kimya, ila ndani ya kimya hicho mlikuwa na mngurumo, kama wa gari linalokuja taratibu kutoka mbali, ukaingia sebuleni, vikombe vikatetemeka kabatini, harufu ya maji yaliyooza ikatangulia chumbani, na Kalamu akasikia matairi yakisaga sakafu isiyokuwa na kitu juu yake, yakija, yakikaribia kitanda, mpaka akajirusha akamnyakua mtoto, na palepale alipokuwa amelala shuka likadidimia, zikabaki alama mbili za matairi zinazochuruzika matope.

Kule uani, garini, sauti ya ramani ikasema kwa upole wake uleule, "Gari lilipita juu ya mwanangu. Alikuwa amelala."

Mkewe akamwita shangazi yake, mganga anayejulikana kwa kuwafukuza majini hata waliokaa miaka. Shangazi akalinusa lile shuka, akaurudisha ubani wake mkobani bila kuuwasha.

"Huyu hafukuziki," alinong'ona. "Huyu ni mama wa kule machimboni. Ulipitisha njia kitandani kwa mwanawe, naye anaipitisha kwa wako. Hataki kafara, anakutaka wewe."

"Nifanye nini, shangazi?"

"Kaikanyage njia yako. Mpaka mwisho."

Mkewe akamng'ang'ania mkono, akalia wahame, hata usiku huohuo. Kalamu akamwambia kwamba mstari utawafuata popote watakapotandika kitanda. Alikuwa anaogopa, lakini alimwogopea zaidi mtoto. Bibi Mdogo akamwamuru arudi kabla ya chakula.

Mwanamke wa kwenye ramani hakumkosesha hata kona moja. Barabara ilipoishia, Kalamu akavua viatu. Majani ya ukingoni yalikuwa yamelazwa na matairi, na katikati yake palikuwa na kijituta cha udongo kama kaburi, kilichosawazishwa vizuri kwa viganja, kifupi kuliko mkono wake. Akapiga magoti akaomba radhi, akalia kama mtu aliyefiwa.

"Endelea moja kwa moja," ikasema ile sauti nyuma ya sikio lake, ingawa gari alikuwa ameliacha mbali. Akainuka, akaingia majini.

Walikuta viatu na gari tu. Mstari ulifutika wenyewe, shuka likafulika likawa jeupe, na Bibi Mdogo akalala salama. Madereva wakasema afadhali, yule aliyeikosea ramani sasa ameirekebisha.

Miezi ikapita ndipo mama na binti walipopita tena upande ule, wakienda kwa shangazi. Walipoikaribia njia panda ya machimbo, ramani ikazungumza, na haikuwa sauti ya mwanamke.

"Rudi. Hapa hakuna njia."

Mama akakanyaga breki. Angeitambua sauti ile hata kaburini. Ilikuwa imechoka, na nyuma yake maji yalikuwa yanadondoka. Bibi Mdogo akainama mbele, mdomo ukakaribia kugusa kioo cha ramani.

"Baba, njoo nyumbani. Chakula tayari."

Aliyejibu ni yule mwanamke, kwa upole wake wa siku zote: "Amefika."