Taa Iliyowaka Kwenye Foleni ya Gesi

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, nilikuta wagonjwa wananisubiri. Si watu, magari. Mjomba aliniachia kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Kinaonyesha kwenye simu misimbo ya hitilafu ambazo gari limejigundua kuwa nazo. Taa ya injini ikiwaka, majirani zetu hapa mjini Kokand hawaendi kwa fundi. Wananiita mimi, Oydin, miaka kumi na mitatu, daktari bingwa.

Dawa yangu ilikuwa moja tu: kubonyeza "Futa." Taa inazimika, mwenye gari anacheka, naondoka na sambusa ya moto.

"Ni gesi tu," baba alipenda kusema, maana magari ya kwetu karibu yote yamefungwa mtungi wa gesi pamoja na tangi la petroli. "Taa yetu huwaka kwenye foleni ya gesi, si kwingine."

Mwezi huo nilifuta taa ya gari letu mara tatu. Mara ya mwisho sikumwambia mtu.

Jumatano asubuhi gari likatetemeka kama mwenye homa, likazimika getini. Bibi alikuwa ameshafunga mizigo. Kesho yake alitakiwa kupasuliwa jicho Tashkent, ng'ambo ya mlima wa Kamchik. Akikosa nafasi hiyo, angengoja miezi minne, na jicho la pili nalo lilikuwa linafifia.

"Nataka nikuone ukiolewa," aliniambia.

"Bibi, nina miaka kumi na mitatu!"

"Ndiyo maana nina haraka, kabla hujazidi kuharibika."

Tulijikongoja hadi kwa fundi Mirvali. Alichomeka kifaa chake, akakuna kichwa.

"Kaka Sobir," akamwambia baba, "gari halina kumbukumbu hata moja ya hitilafu. Limetoka wapi, kuogeshwa?"

"Ni gesi tu," baba akasema. "Badilisha kile kihisi cha gesi twende zetu."

"Nibadilishe kwa ushahidi gani?"

Nilitazama viatu vyangu. Ndani ya gari, bibi alikuwa anapapasa kutafuta mkanda uliokuwa mbele ya macho yake.

"Mimi ndiye niliyefuta," nikasema. "Jana. Na mara mbili kabla ya hapo."

Baba alinikazia macho.

"Ala, daktari mwenyewe!" Mirvali akaguna. "Gari likiandika msimbo, huandika pia lilikuwa katika hali gani. Umechana cheti cha mgonjwa. Haya, msimbo ulisemaje?"

"Hewa nyingi, mafuta kidogo. Na taa huwaka kwenye foleni ya gesi."

"Foleni hiyo ya gesi ikoje?"

"Abiria tunashuka, tunangoja nje ya geti la kituo. Baba anasogea kidogo, anasimama muda mrefu, injini inanguruma tu." Nikasita. "Fundi... labda si gesi. Labda ni kule kusimama!"

"Tujaribu."

Alifunga gesi, akawasha kwa petroli, akaliacha gari limesimama. Haukupita muda likaanza kutetemeka, na taa ikawaka. Alipokanyaga mafuta, likatulia.

"Gari likisimama, injini huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hata upenyo mdogo unaisumbua," akasema. Akapaka povu la sabuni kwenye mipira ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya injini povu likanyonywa, fyu! Chini ya klipu ya kuubana, mpira ulikuwa umepasuka.

Alifunga mpira mpya, injini ikatulia. "Sasa futa," akaniambia. Baba naye akakubali: "Na mimi mwezi mzima nimesingizia gesi."

Jioni ile tulivuka Kamchik bila kusimama, na kesho yake bibi akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa, alinitazama usoni.

"Kumbe una chunusi," akasema.

Tulicheka. Kisha akanishika mkono. "Nilitamani kumwambia daktari kuwa naona vizuri, niepuke kisu. Lakini angetibu vipi kitu nilichomficha? Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, tatizo likiwa bado linatibika."