Ncha ya Wembe Kwenye Supu ya Wazee

Mwaka mmoja baada ya kumzika mama mkwe wangu, Sophie, tuliandaa karamu ya kumuaga. Huku kwetu, kando ya mto Yukon, kaskazini kwenye theluji, kila mtu hualikwa. Nyama huwa ya kulungu mkubwa, na supu ya kichwa ni ya wazee.

Mume wangu, Delbert, alipata dume siku mbili kabla. Tukamchuna hukohuko porini.

Delbert alikuwa na kisu kipya, kile cha kubadilisha wembe. Ngozi ilitoka vizuri ajabu. Alipofika shingoni, akakitumia kama kisu kinene cha marehemu baba yake. Aliingiza wembe kwenye kiungo cha kichwa na shingo, akaupinda. Ukakatika.

"Umevunjika?" nikamuuliza.

"Ncha tu, Eunice. Haifiki hata ukucha."

Akaweka wembe mwingine. Mimi sikumwambia aitafute ncha, na hilo najilaumu mpaka leo.

Siku ya karamu, supu ilikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kijiji, tayari kupakuliwa. Jirani yetu Myrtle, mhudumu wa zahanati, alikuwa anamenya viazi. Akaona kidole cha Delbert kimefungwa kitambaa.

"Nini tena, shemeji?"

"Wembe. Niliuchomoa kwa vidole."

"Kwa vidole! Koleo lako unalitunzia nini, kung'olea meno?"

Delbert akacheka, akamwonyesha wembe uliovunjika. Myrtle akaacha viazi.

"Ncha yake iko wapi?"

Sote tukatazama sufuria.

"Wageni wameshakaa," Delbert akasema. "Hii ni supu ya mama yangu."

"Ndiyo maana hawatainywa. Chuma hicho kitamchana mzee utumbo, na ndege ya hospitali huja hali ya hewa ikikubali."

Tulichuja supu. Tuliichambua nyama kwa uma, nyuzi kwa nyuzi. Hatukuiona ncha. Tukachimba shimo, tukafukia kila kitu. Hata mbwa hatukuwapa.

Delbert akasimama mbele ya watu. "Wazee wangu, leo hakuna supu ya kichwa. Kosa ni langu." Akaeleza yote.

Mzee Titus, rafiki wa Sophie, akasema, "Mama yako angekugombeza sana. Haya, tuleteeni samaki."

Kesho yake Myrtle alikuja kwetu.

"Wembe huu ni wa ngozi," alimwambia Delbert. "Usiupinde, usiupeleke kwenye mfupa. Kiungo kina kisu chake kinene. Ukiubadilisha, ushike kwa koleo, makali yaelekee mbali nawe. Nyembe zihesabu kabla na baada ya kazi. Zilizotumika zitie kwenye kopo lenye kifuniko."

"Na ukivunjika?" Delbert akauliza.

"Simama hapohapo. Kitafute kipande. Kisipoonekana, nyama ya sehemu hiyo hailiwi."

Mwaka huu Delbert alipata dume mwingine. Alitoka na nyembe sita, akarudi nazo sita, nzima. Tukampikia Mzee Titus supu ya kichwa. Alikunywa mabakuli mawili. Delbert alimtazama kila alipomeza, mpaka bakuli la pili likawa tupu. Kisha akatoka nje, akalia.