Mto Chini ya Goti

Isikeli alirudi kijijini na mguu mmoja na nusu. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti, baada ya bomu la ardhini kumlipukia akilinda amani ugenini. Kila asubuhi mama yake, Litia, alimletea chai na mihogo ya kuchemsha. Kisha alimwekea mto laini chini ya goti.

"Pumzika, mwanangu. Usijisumbue."

Jioni wanaume walikunywa yaqona, kinywaji cha mizizi kinachochotwa kwenye bakuli moja la heshima. Isikeli alikaa nao mkekani, amekunja miguu kwa saa tatu nzima. Kunyoosha mguu kuelekea bakuli la yaqona ni utovu wa adabu. Hakutaka waseme jeshi limemharibu.

Baada ya miezi miwili akaja Sereima, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Nyoosha goti."

Goti likagoma.

"Fundi wa miguu ya bandia anakuja baada ya wiki sita," alisema Sereima. "Goti likibaki hivi, mguu hautakukaa. Nani kakuwekea mto huu unaolikunja?"

Litia akainamisha kichwa. Isikeli akawaka. "Usimwangalie mama! Hospitali walinipa magongo na kunifungulia mlango. Hakuna aliyenieleza kitu!"

"Kasirika, kaka, una haki. Lakini kasirika umelala kifudifudi. Nusu saa, mara tatu kwa siku. Mto usiwekwe tena. Ukikaa, mguu uwe umenyooka."

"Hata kwenye yaqona?"

"Hata huko."

Jioni hiyo Isikeli alikaa mkekani, akanyoosha kigutu chake.

"We Isikeli!" alifoka Mjomba Viliame. "Unaelekeza wapi hicho?"

"Kwenye mguu wangu mpya, mjomba! Nimekunja miezi miwili kwa ajili ya adabu, na goti limeganda. Mnataka adabu, au mnataka nitembee?"

Viliame aliutazama mguu, kisha bakuli.

"Sogezeni bakuli," alisema mwishowe. "Huyu hasogei."

Wiki sita zilikuwa chungu. Isikeli alilala kifudifudi akitukana mkeka, sakafu na kila aliyepita mlangoni. Goti likanyooka, na fundi akamfunga mguu wa bandia.

Safari yake ya kwanza ilikuwa kijiji cha pili, kwa Maciu, askari mwenzake aliyekatwa mguu siku ile ile ya bomu. Alimkuta kitandani. Chini ya goti lake kulikuwa na mito miwili.

Isikeli aliichomoa yote, akaitupa nje dirishani.

"Una wazimu?" alipiga kelele Maciu. "Mke wangu kaishona mwenyewe!"

"Ataiweka chini ya kichwa chako. Nyoosha goti."

Maciu alijaribu. Goti halikunyooka. Macho yakamjaa machozi. "Mbona hawakutuambia, Isikeli?"

"Sijui. Nikifikiria hilo nataka kuvunja kitu. Shuka, lala kifudifudi."

Akafungua mguu wake mpya, akauegemeza ukutani, akalala mkekani kando ya mwenzake.

"Nusu saa," alisema. "Na kesho nakuja tena."