Vyungu Vilivyovunjwa Kitako

Vyungu arobaini na kimoja vilikuwa vimevunjwa. Vigae vyekundu vilitapakaa chini ya meza ndefu ya karakana, vingine vikubwa kama sahani, vingine unga mtupu. Juu ya meza vilibaki kumi na tisa, vizima, vimepangwa mstari mmoja kana kwamba hakukutokea lolote.

Inspekta alisimama mlangoni, akakataa kuingia upesi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekwisha kuhamishwa vituo vitatu kwa kosa lilelile: kukataa kufunga jalada ambalo wakubwa walitaka lifungwe. Asubuhi hiyo Mkuu wa Kituo alikuwa amempigia simu kabla hajamaliza chai.

"Saa nne wanafika wageni," alimwambia. "Wawekezaji, basi zima. Wanazunguka kukagua miradi waliyoiwezesha, na hicho kiwanda ndicho wanachoanza nacho. Mlinzi tumeshamtia pingu. Andika maelezo yake, funga jalada, tuonane."

"Amekiri?"

"Ufunguo alikuwa nao yeye. Unataka nini zaidi?"

Inspekta alitaka mengi zaidi, ila alikata simu kwa adabu.

Meneja wa kiwanda alimfuata nyumanyuma, shati limepigwa pasi, saa ya mkononi haimtoki machoni. Alieleza bila kuulizwa. Hivi ni vyungu vya kuchujia maji. Udongo unachanganywa na unga wa mbao, unachomwa kwenye tanuri, unga unaungua na kuacha vitundu visivyoonekana. Maji yanapita, uchafu unabaki.

"Leo tulikuwa tukabidhi sitini mbele ya wageni. Vinakwenda zahanati, wodi ya watoto," alisema. "Sasa tazama! Roho mbaya tu hii."

"Roho mbaya ya nani?"

"Ya mlinzi. Alitaka likizo, nikamnyima."

Inspekta alivaa glovu, akachuchumaa. Alama za vidole hazingemsaidia kitu, kwa kuwa kila mfanyakazi alikuwa amevishika vyungu hivyo. Aliokota kigae kimoja, akakigeuza. Akaokota cha pili, cha tano, cha kumi. Kila chungu kilikuwa kimepigwa mara moja tu, na pigo limeangukia kitakoni. Kisha akavua glovu moja na kukigusa kigae kwa kidole.

"Mlivilowesha lini hivi?"

"Hatukuvilowesha. Vilitoka tanurini vikakaa hapo, vikavu."

"Hiki kina maji."

Meneja alitazama saa yake. Inspekta akaenda mezani, akagusa vile kumi na tisa kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na unyevu.

Mlinzi alikuwa amekalishwa kwenye benchi la stoo, mzee mrefu, pingu zimemlegea kwa ukondefu wa mikono.

"Umevunja wewe?" Inspekta alimwuliza.

"Hapana, afande."

"Nani, basi?"

"Sijui."

"Ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Hatua thelathini kutoka hapa vinavunjwa vyungu arobaini na kimoja, na wewe husikii?"

"Masikio yangu mabovu, afande."

Inspekta alizunguka nyuma yake, akaiachia kalamu ianguke sakafuni. Mzee akageuka papo hapo.

"Mabovu hayo?"

Mlinzi aliinamisha kichwa, aibu imemshika. "Niandike mimi tu, mwanangu. Mimi nimeshazeeka. Jela nako si kuna kitanda?"

"Unamficha nani?"

Mzee aligeuzia uso ukutani. Inspekta alimwagiza konstebo amletee mzee maji ya kunywa, akatoka nje, na hasira yake ilikuwa wazi usoni. Hakuna kilichomchefua kama kuona pingu zinawahi kufika kabla ya maswali.

Uani, mama mmoja alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu, kanga kaifunga juu ya magoti. Ndiye mchanganyaji. Inspekta alimsogelea.

"Shikamoo, mama. Mtu akitaka kujua chungu kizuri na kibaya, anafanyaje hapa?"

"Marahaba. Hiyo kazi ya Mama Subiri," mchanganyaji alicheka. "Mpimaji wetu. Ukimwambia haraka, anakujibu subiri. Anajaza chungu maji, anakaa nacho saa nzima, halafu anatumbukiza kijiti chenye alama aone yametoka kiasi gani. Yakizidi lita tatu, kibaya hicho."

"Kibaya? Mimi ningedhani kinachotoa mengi ndicho kizuri."

"Kila mtu anadhani hivyo! Kikikimbiza maji, kinapitisha na uchafu wake. Kizuri ni kile kinachodondosha mpaka ukachoka."

"Na kibaya mnakifanya nini?"

"Kinavunjwa. Nyundo moja ya kitako, asije mtu akakiokota akakitumia. Ndiyo sheria yetu tangu siku ya kwanza."

Inspekta aligeuka kuitazama karakana. Mharibifu wa kawaida hupiga ovyo, tena hupiga vyote, kisha hukimbia. Huyu alikuwa amejaza vyungu sitini maji, akakaa saa nzima katika eneo la tukio akisubiri, ndipo akachagua.

"Mpimaji yuko wapi leo?"

"Yuko likizo tangu juzi. Alilazimishwa na meneja."

"Ana undugu na mlinzi?"

Mama yule aliacha kukanyaga. "Shemeji yake," alisema polepole. "Mlinzi alimwoa mdogo wake, marehemu."

Konstebo alitumwa kwenda kumleta mpimaji. Hakufika mbali, alikutana naye njiani, anakuja mwenyewe kwa miguu, aproni ya kazi imefungwa kiunoni na begi la kitambaa begani. Waliingia getini pamoja na basi la wageni.

Wageni walishuka, kofia zao rangi moja, simu tayari kwa picha. Kiongozi wa msafara, kijana mchangamfu mwenye karatasi ya ratiba, alipiga makofi. "Jamani, tuna dakika arobaini!"

Meneja aliwapokea kwa tabasamu pana, akawapitisha mbali na karakana na kuwaingiza ofisini. Hapo kilikuwepo chungu kimoja juu ya ndoo yenye bomba. Akamimina jagi la maji. Maji yakapita chunguni na kusikika yakianguka ndani ya ndoo, mbio mbio. Wageni wakashangilia.

Inspekta aliyaona yote kutoka dirishani, mpimaji kando yake.

"Mama, kile umekipima?"

"Kile alikifungia ofisini," mpimaji alijibu. Macho hayakumpepesa. "Kama ningekipata, usingekiona hapo."

Hilo lilitosha kumtia pingu. Inspekta hakumtia. Aliingia ofisini, akasimama kati ya wageni na mlango.

"Samahani. Kuna upelelezi unaendelea, na ninahitaji mashahidi. Mtakaa saa moja."

Kiongozi wa msafara alitoa macho. "Saa moja? Afande, ratiba yetu ina miradi mitatu leo!"

"Ratiba yako siijui. Yangu ndiyo hii."

"Nitampigia Mkuu wako," meneja alisema, sauti imepanda.

"Mpigie. Namba unayo, maana ndiyo uliyoanza nayo leo asubuhi."

Chungu cha ofisini kililetwa karakana, kikawekwa kando ya kimoja kati ya vile kumi na tisa. Mpimaji alivijaza vyote viwili mpaka ukingoni, akaangalia saa ya ukutani, akavuta kigoda, akaketi. Wageni nao wakaketi, wengine juu ya magunia ya unga wa mbao. Vigae bado vilikuwa miguuni mwao.

Dakika kumi zilikuwa za minong'ono, ishirini za miayo. Baada ya hapo mgeni mmoja, mama mtu mzima, alivua kofia yake, akamwinamia mpimaji.

"Umefanya kazi hapa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja. Nimepangwa mstari mbele ya mabasi tisa, nimevaa aproni safi, nimeambiwa nitabasamu. Wewe ndiye mgeni wa kwanza kuniuliza kitu."

Mama yule alitazama vigae miguuni pake. Meneja alikuwa ametota jasho mgongoni.

Saa ilipotimia, mpimaji alitumbukiza kijiti katika chungu cha kwanza, akamwonyesha Inspekta alama. Lita mbili na kidogo. Akatumbukiza katika kile cha ofisini. Kijiti kiligonga chini kikavu.

"Kimeisha chote," alisema. "Lita saba."

"Nani alipiga mhuri wa kukikubali?" Inspekta aliuliza.

"Mwulize mwenye mhuri."

Inspekta alimgeukia meneja. "Uliongeza unga wa mbao?"

"Kidogo tu."

"Ukapiga mhuri mwenyewe, bila kipimo?"

"Kwa sababu yao hawa!" Meneja alilipuka, kidole kimewaelekea wageni. "Safari iliyopita niliwawekea chungu kizuri, kile cha kweli. Walikitazama dakika tano, mmoja akaniuliza kama kimeziba! Wakaandika kwamba bidhaa yetu ni dhaifu. Ningefanyaje? Mnakuja dakika arobaini mnataka kuona maji yanatiririka. Nikawapa maji yanayotiririka!"

Kiongozi wa msafara aliikunja ratiba yake mara nne, kimyakimya.

"Na wodi ya watoto ingekunywa hayo," Inspekta alisema. Meneja akatazama saa yake. Inspekta akamwashiria konstebo. "Mfungue mzee. Huyu meneja asitoke kiwandani." Kisha akavuta kigoda na karatasi, akakaa ana kwa ana na mpimaji. "Mama, nakuonya. Lolote utakalosema nitaliandika."

"Liandike. Nilikuja alfajiri. Shemeji alinifungulia, akidhani naja kupima tu. Na nilipima kweli, vyote sitini. Vilivyofaulu niliviacha. Vilivyoshindwa nilivivunja, kama sheria inavyosema. Hapo uharibifu uko wapi? Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa likizo."

"Likizo aliipanga yeye. Kazi niliipanga mimi."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Kuja kusema nini? Kwamba maji yanatoka haraka mno?" Kwa mara ya kwanza aliyainamisha macho. "Sikiliza, afande. Baada ya safari iliyopita ya wageni, meneja aliniomba nipige mhuri vyungu kumi na viwili vya namna hii. Alinibembeleza, nikapiga. Kimoja kilifika kwa mwenye nyumba wangu. Mtoto wake akalazwa siku tisa, tumbo. Alipona. Nikakibadilisha kile chungu, nikamdanganya kwamba kimechakaa. Na yule mama kila asubuhi ananishukuru! Ananisimamisha mlangoni, ananiombea dua kwa ajili ya chungu changu. Miezi minane sasa namwitikia amina."

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Mlinzi, mikono yake huru, alikuwa amesimama mlangoni akijifuta macho kwa ukosi wa shati.

"Na vile kumi na kimoja vingine?"

Mpimaji alitoa karatasi mfukoni mwa aproni. Namba za vyungu, na kando ya kila namba, nyumba.

"Hivi hapa. Nifungie ukitaka. Siku nikitoka nitaanza na cha kwanza."

Simu ya Inspekta iliita. Mkuu wa Kituo.

"Umemaliza? Jalada limefungwa?"

"Ndiyo kwanza limefunguka, mkuu," alisema, akakata, safari hii bila adabu. Akamgeukia kiongozi wa msafara. "Basi lenu lina nafasi?"

"Viti viwili. Lakini miradi mingine..."

"Itasubiri," yule mgeni mtu mzima alimkatiza, akasimama na kukung'uta unga wa mbao. "Sisi ndio tuliouliza kama kimeziba. Tunakwenda."

Mpimaji alikuwa tayari ameinama kwenye begi lake, akichomoa nyundo.

"Hiyo ni kielelezo, mama," Inspekta alimwambia.

"Basi panda nacho, afande, ukilinde," mpimaji alijibu, akatangulia kuelekea kwenye basi. "Mimi nina vyungu kumi na kimoja vya kuvunja."