Ramani ya Nicholaus

Jumatatu, saa tatu asubuhi, programu ya kuchorea ramani ya Nicholaus ilifunguka tena mjini Mbinga. Mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu mwezi wa tatu.

Naandika niliyoyaona na niliyothibitishiwa. Pale nisipokuwa na uhakika, nitasema.

Mdogo wangu Fulgence anachora ramani za nyumba katika chumba cha kupanga karibu na stendi. Nilikuwa nimekuja kumtembelea baada ya kustaafu kazi ya gazeti huko Songea. Asubuhi hiyo aliingia Otilia, mke wa Nicholaus, amebeba kompyuta ya zamani ndani ya khanga. Nicholaus naye alikuwa mchora ramani. Radi ilikuwa imeiunguza kompyuta hiyo, lakini diski ilikuwa nzima, na ramani ya nyumba yao ilikuwa humo.

"Kaka Fulgence, itoe hivyo hivyo ilivyo," alisema. "Krismasi inikute nimeweka msingi. La sivyo shemeji anachukua kiwanja."

Shemeji ni Dastan, kaka mkubwa wa Nicholaus. Alikuwa ameuambia ukoo kwamba mdogo wake amevuka ziwa na mwanamke, yuko kisiwani Likoma, Malawi. Mkoba wa Nicholaus uliokotwa Mbamba Bay, ufukweni. Aliyeuokota na kuuleta nyumbani ni Dastan. Mwili haukuwapo, kwa hiyo matanga hayakuwapo, na bila matanga Otilia hakuhesabiwa mjane. Alihesabiwa mke aliyeachwa, na mke aliyeachwa hana kiwanja katika ukoo huo.

Programu ile ni ya zamani, na kompyuta ya Fulgence ni ya aina nyingine kabisa, ilikataa kuifungua. Fulgence akanakili diski yote, kisha akaweka programu nyingine inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Kwenye kioo chake likafunguka dirisha dogo. Ndani yake kulikuwa na picha ya Otilia akicheka, ile aliyoiweka Nicholaus.

"Ni kuidanganya tu, dada," Fulgence aliniambia. "Inaamini iko kwake. Inaamini mwenyewe ndiye aliyeiwasha."

Mama Restituta, mama yake Nicholaus, aliyekuja na Otilia, alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni. Tulikuwa tumempa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Sasa aliyainua.

"Majembe ya mwanangu sijayagawa," alisema kwa sauti ya chini. "Nyengo yake ya kufyekea bado iko ukutani. Kifaa cha mtu ambaye hatujamlilia hakishikwi, baba. Ukikishika, unamwita kazini."

"Mama, hii ni kompyuta."

"Kwani yeye alilimia nini kingine?"

Ramani ilifunguka. Vyumba vitatu na sebule. Jiko halikuwa limechorwa, wala madirisha ya upande wa mashariki. Fulgence aliahidi kumalizia, wanawake wakaondoka, nasi tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi, kulikuwa na mstatili nje ya kiwanja. Mita mbili kwa sentimita sabini.

"Choo?" niliuliza.

"Labda cha mteja mwembamba." Alicheka, akaufuta.

Siku ya pili ulikuwa umerudi. Ulikuwa umezungukwa na miduara iliyopangwa kwa safu, na mstari mrefu ulitoka kwenye bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja, ukavuka kijito, ukaishia hapo. Fulgence hakucheka. Alinionyesha ncha za mstari wa kipimo. Wachoraji anaowajua huzikata kwa mkwaju mdogo, kistari cha mshazari. Hizi zilikuwa na nukta.

"Nukta anaweka Nicholaus tu," alinong'ona. "Tulikuwa tunamtania."

Nilimshuku Fulgence kwanza. Kisha Otilia, maana yeye ndiye mwenye la kupata. Tulipomwita aje aone, aliitazama miduara kwa muda mrefu.

"Hizi ni ngoro," alisema. "Ng'ambo ya kijito ni shamba la shemeji."

Ngoro ni yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, yanayojaa kwenye miteremko yote ya huku. Nyasi hufyekwa na kulazwa chini, kisha udongo unafukuliwa na kuzifunika. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake hufukua. Nilimuuliza Otilia nani alifukua shamba hilo.

"Mwenyewe."

"Mkewe alikuwa mgonjwa?"

"Mzima. Aliambiwa abaki nyumbani. Watu walimcheka sana shemeji, mwanamume kushika jembe la ngoro peke yake. Ilikuwa mwezi wa tatu." Aliweka kiganja juu ya mdomo wake na hakukiondoa.

Mchana huohuo, Otilia akiwa bado hapo, Dastan alipita ofisini. Mtu wa maneno mengi, kofia mkononi.

"Shemeji, bado unatafuta nyumba kwenye mashine? Mwenzio anakula samaki na Wamalawi huko." Akamgeukia Fulgence. "Na wewe mchoraji, hizo ramani za wakimbizi unachora bei gani?"

Aliinama kuangalia kioo. Nilikuwa karibu naye. Nilisikia pumzi yake ikikatika.

"Nani kakupa vipimo hivi?"

"Vimo kwenye kompyuta ya mdogo wako," Fulgence alisema.

Dastan alivaa kofia. Aliondoka bila kuaga.

Bado sikuamini. Jumatano nilifanya nilichozoea kazini: nilikwenda kushuhudia mwenyewe. Niliwatoa wote nje. Nilichomoa waya wa intaneti. Kibodi niliifungia kabatini, kipanya nikakitia kwenye mkoba wangu. Mlango nilifunga kwa ufunguo. Ilikuwa adhuhuri, mvua imeanza kupiga bati.

Hakikutokea kitu. Nikaanza kujicheka.

Kisha mshale ulisogea.

Ulikwenda polepole hadi kona ya mstatili. Ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, kama wa mtu aliyekosea. Nukta ikatokea. Mstari. Nukta ya pili. Herufi zikaja moja moja.

KINA 1.10.

Nilikuwa nimesimama. Kiti cha Fulgence kilikuwa nyuma yangu, kitupu. Nilikisikia kikilia, kama kinavyolia mtu anapoegemea.

Sikugeuka.

Ijumaa polisi walichimba mahali palipoonyeshwa. Niliwaambia Otilia anashuku shamba lile; habari ya mshale sikuitaja. Nicholaus alikuwa chini ya nyasi zilizooza, kwenye kina cha mita moja na sentimita kumi. Mkononi alikuwa na futi yake ya chuma, yenye herufi N iliyokwanguliwa kwa msumari; polisi waliitia kwenye mfuko wa vielelezo wakaufunga kwa lakiri. Dastan alikamatwa Mbamba Bay akisubiri boti. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo naishia hapo.

Nicholaus alizikwa kijijini Mapera. Siku ya kumaliza matanga, Mama Restituta aligawa jembe, shoka na nyengo. Kompyuta iliyoungua alimpa Otilia, na kiwanja ukoo ukamwachia. Fulgence aliifuta nakala mbele yetu. Kabla hajaifuta niliitazama ramani: jiko halikuwapo, madirisha ya mashariki hayakuwapo. Hakuwa na nakala nyingine, na hakuwahi kuichapa.

Januari tulikwenda kumpa Otilia hongera ya msingi. Fundi Frederick alikuwa mtaroni na vijana wake, karatasi imetandazwa juu ya tofali. Fulgence aliiinua. Jiko lilikuwapo. Madirisha ya mashariki yalikuwapo. Kila ncha ya kipimo ilikuwa na nukta.

"Nani amekuchapia?" alimuuliza Otilia.

"Si wewe? Niliikuta mezani, nikajua umepita nikiwa shambani." Otilia alitabasamu. "Hata futi uliweka juu yake, isipeperushwe na upepo."

Frederick alikuwa ameishika futi hiyo, akipima mtaro. Niliiomba. Ilikuwa ya chuma. Nikaigeuza.

Nilimpigia simu mpelelezi wa kesi nikiwa palepale. Aliniambia nisubiri akaangalie chumba cha vielelezo. Alichukua muda. Aliporudi alisema lakiri ya mfuko haijakatwa, na sahihi yake mwenyewe iko juu ya lakiri.

Mfuko ulikuwa mtupu.